Kuta Mbili na Nafasi ya Kiganja

Nsemulwa, Mpanda
6 Agosti 2023

Mdogo wangu Deogratias,

Pokea salamu nyingi kutoka hapa mtaani. Mimi ni mzima, ila mgongo unanisumbua kwa ajili ya cherehani, na hilo si jipya. Binti yangu Angela huko Sumbawanga hajambo, yeye na mumewe. Je, wewe huko porini? Kifua kimepona? Mara ya mwisho ulikohoa kwenye simu mpaka mtandao ukakatika, na tangu siku hiyo sijakupata hewani. Ndiyo maana nampa barua hii huyu kijana wa bodaboda anayebeba asali yenu. Ameapa atakupa mkononi kambini. Asipofikisha, atanijua.

Deo, kaa kitako. Najenga!

Ndiyo, mimi, mshona sare za shule, najenga chumba cha Mama. Tangu Baba afariki mwaka jana sijalala usingizi wa kushiba nikimfikiria peke yake huko Inyonga, macho yamebaki ya kuona mwanga tu, na wewe mwanaye wa karibu uko porini wiki tatu katika nne. Siku akianguka akitoka chooni, nani atamwokota? Kuku? Basi nimeamua. Kabla mvua za Novemba hazijakolea, Mama awe hapa kwangu, kwenye chumba chake, na dirisha lake, na bati lisilovuja.

Sasa sikiliza. Unaijua ile nafasi kati ya jiko langu na mpaka wa mzee Masele. Fundi Gervais amepima mara tatu. Anasema nikijenga ndani ya ukuta wangu, kitatoka chumba cha kuwekea majembe. Lakini nikiubomoa ukuta wangu, nikaegemeza chumba kwenye ukuta wa Masele, kinatosha kitanda, kiti, sanduku, na Mama kupita bila kugonga goti.

Najua utauliza kwa nini mpaka mmoja una kuta mbili. Wewe ulikuwa Tabora wakati ule. Masele alipohamia hapa kutoka Usukumani na ng'ombe wake, alijenga ukuta wa tofali za kuchoma. Marehemu shemeji yako Method akasema bikoni ya mpaka imesogezwa. Masele akasema haijasogezwa. Hawakupigana, walinuniana tu. Method, kwa kiburi chake ambacho Mungu amsamehe, akajenga ukuta wake palepale, sambamba na ule, akaacha nafasi ya kiganja katikati ili tofali lake lisiguse la Masele. Mtaa mzima ulicheka. Mwaka juzi wapimaji wakaja kurasimisha viwanja, wakakuta mpaka unapita katikati ya hicho kiganja. Wote wawili walikuwa sawa, na mmoja ameshazikwa!

Masele sijamwomba bado. Tangu mazishi ya Method tunasalimiana kwa kichwa tu. Lakini nitamwomba, mdomo ninao.

Halafu kuna kitu kidogo, usicheke. Ndani ya hiyo nafasi kuna nyuki, huu mwaka wa pili. Mimi nina tofali moja lililolegea nyuma ya jiko. Mara mojamoja nawasha moshi wa magunzi, nachomoa tofali, nakata sega moja au mawili, narudisha tofali. Hajui mtu. Ila siku hizi nakuta masega ya upande wa mbali yamekatwa, tena kwa kunyooka, nadhani ni panya. Gervais anasema kabla ya kubomoa tuwapulizie dawa wafe wote. Wewe ndiye mtu wa nyuki, niambie dawa gani inafaa.

Na umweleze Mama habari za chumba. Kwa utamu, si kwa ule ukali wako.

Dada yako,
Emerensiana


Kambini, Inyonga
21 Agosti 2023

Dada Eme,

Shikamoo. Barua yako imefika, imenata asali pembeni lakini maneno yote yanasomeka. Kifua kimepona, namshukuru Mungu. Tuko wanne huku, tunakula ugali na asali mpaka tunatamani chumvi. Pole na mgongo. Ungepunguza hizo sare, lakini najua hunisikilizi.

Dawa? Dada! Wewe ni binti wa Baba kweli? Mzee aliyekosa harusi ya mdogo wake kwa sababu kundi la nyuki lilikuwa linaingia mzingani siku hiyo? Mwambie Gervais dawa yake akapulizie kunguni wa kitanda chake. Ukiwaua hao nyuki, usiniite mdogo wako.

Mama nilimweleza juzi nilipofika nyumbani. Nilitumia utamu wote niliojaliwa. Akanisikiliza mpaka mwisho, akanimiminia uji, akasema, "Mwambie dada yako asante. Siendi. Mtaniweka ndani kama gunia la mahindi, mnapita mnanitazama kama nimeanza kuoza." Nikamwambia, Mama, utaanguka. Akasema, "Nikianguka, nitakuwa nimeanguka kwangu."

Nisikufiche, ameshaanguka. Mwezi uliopita, pale mlangoni. Mkono ulivimba, akaukanda mwenyewe, hakumwambia mtu. Mimi nimeambiwa na jirani. Kwa hiyo nakuunga mkono, chumba kijengwe, ila sijui tutamtoaje pale. Mizinga mitano ya Baba iko nyuma ya nyumba, na kila asubuhi anakaa nayo anaisikiliza. Ananiambia kundi lipi limechoka na lipi linataka kuhama. Haoni, lakini hakosei. Mtu wa namna hiyo utamshawishi kwa dirisha na bati?

La mwisho, kuhusu panya wako. Panya hatumii kisu. Nyuki wa miaka miwili kwenye nafasi ya urefu ule wanajaza masega ya kutosha ndoo, na wewe unasema unapata bakuli. Dada, kuna mtu wa pili anarina asali humo.

Mdogo wako,
Deo


Nsemulwa
9 Septemba 2023

Mdogo wangu,

Salamu sana, na hao wenzako watatu wasalimie, niombee msamaha kwa kuwa sijawatumia chumvi. Nimefunga pakiti mbili kwenye mfuko huu. Mimi sijambo, ila sauti imekauka kwa kelele, na sasa utajua kwa nini.

Nimempata panya wangu!

Nilifanya kama kawaida. Jua linazama, moshi umekolea, khanga kichwani, soksi za shule mikononi. Ile ya kulia ina tundu, vidole viwili vinatoka nje. Nikachomoa tofali, nikaingiza mkono polepole nikitafuta sega. Nikagusa kitu cha moto. Nikakipapasa. Kina kucha. Kikanishika!

Deo, nilipiga ukelele ambao kuku wa mtaa wa pili waliusikia. Upande wa pili mtu naye akamwita mama yake kwa Kisukuma, "Mayo wane!", na bakuli likaanguka.

"Nani?" nikauliza.

"Nani na wewe?"

"Mimi ni mwenye ukuta!"

"Mwenye ukuta ni mimi!"

"Mzee Masele?"

Halafu kwa sauti ya chinichini, "Mama Angela, nakuomba. Usipige kelele. Minza atasikia."

Mzee mzima, mjukuu wake yuko kidato cha tatu, amepiga magoti nyuma ya zizi la ndama na kijiko mkononi! Daktari amemkataza sukari, na mkewe Minza amefunga sukari kwenye kabati kwa kufuli, ufunguo anatembea nao shingoni. Kwa hiyo na yeye alilegeza tofali lake, na mwaka mzima amekuwa akirina kwa siri na kuchanganya na maziwa ya mgando. Alipokuta masega yamepungua alidhani ni panya. Mimi, panya!

Tukaanza kubishana humohumo tunduni. Akasema nyuki ni wake maana wanakunywa maji kwenye birika la ng'ombe wake. Nikamwambia ni wangu maana wanakula maua ya maboga yangu. Akasema waliingilia kwake. Nikasema wanatokea kwangu. Moshi ukaisha tukiwa bado tunabishana, nyuki mmoja akamdunga sikioni, akalia kimyakimya kwa kumwogopa mkewe. Nilicheka mpaka nikaegemea ukuta. Na yeye akaanza kucheka. Deo, hatujawahi kucheka pamoja na yule mzee miaka yote hii.

Basi nikaona hapo ndipo pa kumwomba. Nikamweleza habari za chumba.

"Cha nani?" akauliza.

"Cha mama yangu. Macho yake yamekwisha, na yuko peke yake."

Nilimsikia anaokota bakuli lake. Halafu akasema, "Jenga. Egemea ukuta wangu, mbao zako zitie kwenye tofali zangu. Method angekuwa hai ningekataa mpaka nife. Lakini nyuki wabaki, na tofali langu libaki."

Nimekubali hapohapo kabla hajageuka. Sasa niambie, wewe fundi wa nyuki, ukuta unabomolewaje na nyuki wakabaki? Jibu haraka. Gervais ameshaleta mchanga, saruji iko chumbani kwangu, nalala nayo.

Dada yako mwenye furaha,
Emerensiana


Kambini
24 Septemba 2023

Dada Eme,

Shikamoo, na asante kwa chumvi. Wenzangu wamesema wewe ndiye dada yao pia kuanzia leo. Sote wazima, isipokuwa mmoja aliyeteguka mguu akishuka mtini, naye anaendelea vizuri.

Barua yako nilimsomea Mama. Nilifika pale kwenye mkono ulioshika mkono, akanizuia, akasema, "Rudia hapo." Nikarudia. Dada, Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Tangu tumzike Baba sikuwa nimemsikia akicheka. Nilibaki na karatasi mkononi, namsikiliza.

Alipotulia akauliza, "Hao nyuki wanaingilia wapi?" Nikamwambia kwa ninavyoijua ile nafasi, lazima ni kwenye ncha ya nyuma, juu, kuelekea uchochoro. "Na kitanda kitakaa upande gani?" Nikasema upande wa ukuta huohuo. Akafikiri. Akasema, "Nitakuja kuangalia. Wiki moja. Lakini nyuki wasiguswe." Usimwambie mtu, nilitoka nje nikarukaruka kama mtoto.

Sasa njia ya kufanya ni hii, na umsomee Gervais polepole. Asibomoe ukuta wako wote. Abomoe ncha ya mbele na ncha ya nyuma, kisha kipande cha katikati chenye nyuki akiache kimesimama kama kilivyo. Chumba kitaegemea ukuta wa Masele huku na huku, na pale katikati kitakuwa na kitumbo cha tofali kinachoingia ndani kidogo. Kichwa cha kitanda kikae hapo. Nafasi azibe kwa udongo pande zote, ila awaachie nyuki tundu la kidole upande wa uchochoro, wasipite juu ya kitanda cha mtu.

Jambo kubwa: asiguse nyundo mchana wa jua. Aanze alfajiri, kukiwa na baridi, na mimi niwepo na moshi. Namaliza kurina katikati ya Oktoba. Ningojee. Nakuomba, Dada, ningojee.

Mdogo wako,
Deo


Nsemulwa
19 Oktoba 2023

Deo mdogo wangu,

Salamu. Natumaini wewe mzima. Mimi uso umevimba, jicho la kushoto halifunguki, naandika kwa jicho moja.

Barua yako ya tarehe 24 nimeipata jana. Jana! Pikipiki iliharibika njiani, barua ikakaa kwenye duka la mtu zaidi ya wiki tatu chini ya gunia la karanga. Sikuwa na jibu lako. Na mimi, unanijua, sina subira. Mawingu yalianza kujikusanya, Gervais akasema asipoanza sasa anakwenda kazi nyingine Kakese, nikamwambia anza.

Alianza Jumamosi saa sita mchana. Nyundo ya tatu, ukuta ukatoa sauti ambayo sijapata kuisikia. Gervais aliruka ngazi yote kwa mara moja, akapita kwenye kamba ya nguo akaondoka na shuka langu. Watoto wa mtaa walikimbia, waliokuwa wanatoka jumuiya walikimbia na rozari zao mkononi. Masele alikuwa upande wake amekaa karibu na tofali lake, unajua kwa nini. Akili ilimtuma kwenda kufungua ndama kwanza, ndipo nyuki wakamkuta. Walimdunga kichwa kizima. Tulimpeleka hospitali kwa bajaji, yeye na mimi tumefunikwa khanga moja.

Anaendelea vizuri, usiogope. Amerudi nyumbani. Lakini Minza alikwenda nyuma ya zizi kutafuta kandambili zake, akakuta tofali, bakuli na kijiko. Akaja kwangu palepale. Sijawahi kumsikia yule mama akipandisha sauti.

"Mama Angela, nyie wawili mnataka kumuua mume wangu! Mimi nafunga kabati, wewe unamfungulia ukuta! Usiguse ukuta wetu. Hata msumari mmoja. Kajenge kwingine."

Nilimwomba msamaha, Deo. Mimi! Maana ana haki. Nilijua kwamba mzee amekatazwa, na niliona ni mchezo.

Na nyuki wamehama. Nimeweka sikio asubuhi na jioni, hakuna kitu. Masega yamebaki yanadondoka. Nina ukuta nusu, mchanga unanyeshewa, chumba hakuna, nyuki hakuna, na jirani niliyempata juzi nimempoteza. Mama umemwambia nini? Mwambie tu kwamba mwanawe ana haraka. Analijua hilo tangu nizaliwe.

Dada yako,
Emerensiana


Inyonga, nyumbani kwa Mama
28 Oktoba 2023

Dada,

Shikamoo na pole sana, wewe na mzee Masele na hata Gervais. Paka asali hapo palipovimba. Kama imebaki.

Nilifikiria nimdanganye Mama, nimwambie nyuki wapo, aje, halafu tutajua mbele ya safari. Nilianza hivyo. Aliniacha niseme sentensi mbili, akasema, "Deo, unapumua vibaya. Sema ukweli." Nikausema wote.

Hakukasirika. Alimaliza uji wake kwanza. Kisha akaniambia nilete nta iliyobaki ya mzinga wa mwisho aliorina Baba. Imo kwenye kifurushi hiki, imefungwa jani la mgomba. Anasema Gervais atakapomaliza ukuta, uipashe moto na kuipaka ndani ya ile nafasi, wewe kwa tofali lako na mzee kwa tofali lake. Nyuki wanaopita wataisikia harufu. Wanaweza kuja, wanaweza wasije.

Halafu akanituma niandike maneno yake kwa Minza, umsomee kama yalivyo. Nimeandika alivyosema, sikuongeza wala kupunguza:

"Mama Minza, mimi ni mama yake Emerensiana. Binti yangu amekukosea, na mimi niliposomewa habari hizo nilicheka, kwa hiyo na mimi nimekukosea. Angekuwa mume wangu ndiye anayelishwa asali kwa siri, ningekasirika zaidi yako. Siombi ukuta. Nataka ujue tu anayeletwa ni nani. Mume wangu amekufa, macho yangu yamekufa, na siku nyingine inafika jioni sijasikia sauti ya mtu. Najifanya sitaki kuondoka hapa kwa sababu ya mizinga. Ukweli ni kwamba naogopa kufika kwa watu nikawa mzigo. Kama nikija, nitakaa karibu na wewe kuliko mtu yeyote, ni tofali tu katikati. Kwa hiyo wewe ndiye wa kusema nije au nisije."

Dada, sikujua kwamba anaogopa. Miaka yote nilidhani ni ukaidi.

Mdogo wako,
Deo


Nsemulwa
26 Novemba 2023

Deo wangu,

Salamu nyingi mno! Uso umepona, mgongo sijui umekwenda wapi, siusikii kabisa. Mvua inapiga bati wakati naandika na halivuji hata tone. Natumaini huko kambini mmefunga turubai vizuri.

Nimenyamaza mwezi mzima, ukiacha ule ujumbe mfupi kwamba chumba kiko tayari umlete Mama, kwa sababu nilikuwa nabeba tofali. Sasa nakueleza kwa mpangilio.

Maneno ya Mama nilikwenda kumsomea Minza akiwa anakamua ng'ombe. Hakuniangalia. Nilisoma mpaka mwisho nimesimama kwenye matope. Akaendelea kukamua. Kisha akaniambia, "Soma tena pale pa jioni." Nikasoma. Akafuta macho kwa mkono wenye maziwa, akasema, "Fundi wako yuko wapi? Huyu mama atafika mvua imeshaharibu njia." Akaenda mwenyewe kumvuta Masele kitandani aje ashike kamba ya kupimia. Sharti lake moja: tofali la upande wao analilinda yeye kama kabati la sukari, ameweka kigoda chake mbele yake na haondoki.

Gervais alirudi, na shuka langu amelifua. Alijenga kama ulivyoelekeza, na kile kitumbo cha katikati kipo, tumekipiga lipu. Nta tuliipaka siku moja, mimi huku, Masele kule, Minza amesimama juu yake kuona kama analamba vidole. Nilipoinusa ile nta, Deo, Baba alikuwa pale. Nililia kidogo, nikaendelea kupaka.

Nyuki hawajaja. Nakuambia mapema usisubiri. Wamepita wawili watatu, wakachungulia, wakaondoka zao.

Siku ulipompandisha Mama basi huko Inyonga, nilikuwa stendi tangu saa nne, na basi lilifika saa tisa. Alishuka na kifurushi kimoja tu. Nilikitazama kile kifurushi, nikajua ni cha wiki moja kweli. Nikamshika mkono, tukaja.

Chumbani aliupapasa ukuta wote, kona hadi kona. Akafika kwenye kitumbo, akasema, "Hapa ndipo." Akaweka sikio. Mimi nimesimama mlangoni, najua hakuna kitu mle. Akasikiliza, akasikiliza. Nikaona mabega yake yanashuka.

Ndipo tofali la upande wa pili likachomolewa.

"Shikamoo Mama," Masele akasema. "Nyuki wametukimbia. Tunaona aibu."

Mama akalitafuta tofali langu kwa vidole, akalichomoa. "Wewe ndiye uliyedungwa?"

"Ndiye mimi."

"Sikio gani?"

"La kulia, Mama. Baadaye kichwa kizima."

Mama akacheka kile kicheko chake ulichoniandikia. Minza akasema, "Hebu sogea na mimi nimsalimie," na nikasikia kigoda kinaburutwa. Deo, chakula kilipoa. Waliongea habari za mvua ya mwaka ule wa njaa, za ndama aliyezaliwa na doa usoni, za jinsi ya kutibu kikohozi, za waume wakaidi, na Masele akiwa hapohapo anajitetea. Nilikaa kitandani kwa Mama nikiwasikiliza mpaka nikasahau kwamba ugali uko mezani.

Tangu siku hiyo ndiyo mtindo. Asubuhi Minza anagonga ukuta mara mbili, Mama anachomoa tofali. Anamwambia Minza ng'ombe yupi anakohoa, kwa kusikia tu, na Minza anakwenda kukagua, anarudi anasema ni kweli. Maziwa yanapitia humo humo kwenye kikombe. Nikiwa kwenye cherehani nasikia sauti tatu ukutani siku nzima. Kuna wakati namkuta Mama ameweka sikio kwenye ile nta, lakini Minza akiita, anaacha anaitika.

Wiki yake imekwisha juzi. Nilizifua nguo zake, nikazikunja, nikaziweka karibu na kifurushi. Niliogopa kuuliza, na wewe unajua mimi si mtu wa kuogopa kuuliza. Jana asubuhi akaniita. Alikuwa amekaa kitandani, anakitikisa huku na huku kwa mikono miwili.

"Hiki kitanda chako kinayumba," akasema. "Mwandikie Deo aniletee changu."

Ni kile cha mninga alichochonga Baba. Kifungue taratibu, misumari yake iweke kwenye kopo usiipoteze, mbao zifunge kwa nailoni zisilowe. Basi la Inyonga linabeba juu. Usingoje Krismasi, Deo. Njoo nacho wiki hii.

Dada yako,
Emerensiana